Mlio wa Mbao Mbichi

Tik.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani, kando ya mwanawe kitandani, akatega sikio. Alfajiri ilikuwa bado inajivuta. Dirisha lilikuwa jeusi, na nyumba nzima imelala fofofo isipokuwa friji jikoni, iliyokuwa ikikoroma kama mgeni aliyeshiba. Akadhani ni mjusi. Mijusi wa nyumba ile walikuwa na ujeuri wao; walitembea ukutani kama wao ndio wanaolipa kodi. Akamvutia mwanawe shuka, maana Chiriku alilala kama alivyoishi, miguu huku na mikono kule, kisha akajirudisha kwenye mto.

Tik.

Safari hii akajua si mjusi. Mjusi hulia, kisha hukimbia. Mlio huu ulitoka palepale ulipotoka mwanzo, juu ya kitanda, mfupi na mkavu, kama mtu anavunja kijiti kwa vidole viwili na hataki asikike.

Akapapasa simu, akawasha tochi. Mwanga ukapanda ukutani ukakutana na uso wa Chiriku, mkubwa, unacheka hadi pengo la jino linaonekana, na wa kijani.

Picha ile ilikuwa na kisa chake. Baba Chiriku, ambaye riziki yake ni kupiga picha na kuzichapisha, aliichapisha mara mbili. Mara ya kwanza wino mwekundu ulikuwa unaishia kwenye printa, mtoto akatoka na rangi ya mtu aliyelala majini siku mbili. Nakala nzuri ikaenda shuleni kwa walioagiza. Hii mbovu ilitakiwa kutupwa, ila babu yake Chiriku akaikumbatia. "Mjukuu wangu hatupwi," alisema. Akaitengenezea fremu kwa vipande vya mbao vilivyobaki, akaitia kioo, akaitundika mwenyewe juu ya kitanda cha mtoto.

Mama Chiriku akapitisha kidole kwenye kona za fremu. Ya juu kulia, salama. Ya juu kushoto, salama. Ya chini kushoto, ukucha wake ukazama.

Alisimama vile, ukucha ndani ya ufa. Baba mkwe wake mtaa mzima ulimwita Fundi Kona, na jina hilo hakuliokota jalalani. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akikata mbao kwa mshazari na kuzikutanisha, ncha kwa ncha, hata wateja wakatania kwamba ukitaka kupitisha unywele kwenye kona yake, unywele ndio utakaokatika. Na sasa ukucha umeingia, si unywele.

Akaishusha picha taratibu, bila kumwamsha mtoto, akakaa nayo magotini kama mtu aliyeletewa mgonjwa. Tochi ikawa inammulika Chiriku wa kijani usoni. Lakini yeye hakuwa anamwona huyo. Alikuwa anaziona nyingine kumi na mbili.

Hizo zilikuwa shule ya chekechea, mitaa miwili kutoka pale. Baba Chiriku alipiga picha watoto kumi na wawili wakicheka, akazichapisha kubwa, urefu wa mlango wa kabati. Mzee akakata fremu. Mama Chiriku akapiga gundi na misumari na kufunga migongo. Jana jioni zilitundikwa kwenye chumba ambamo watoto hulala mchana. Mwalimu Mkuu alikuwa ametaka kila picha iwe juu ya godoro la mwenyewe, ili wageni wakija leo waone mtoto chini, na kicheko chake juu. Mbao zilezile, kioo kilekile kizito cha milimita nne. Na kipande cha chini cha fremu ndicho kinachokibeba kioo. Kikiachia, kioo hakipinduki wala hakizunguki. Kinateremka wima, kama kisu kinavyotoka kwenye ala yake.

*

Ukweli ni kwamba alikuwa anajua.

Mbao zile zililetwa wiki tatu nyuma, katikati ya mvua. Fundi Kona alikuwa na njia yake ya kupima mbao, aliyoirithi kwa baba yake, naye hakutaka kusikia habari za vipimo vya betri. Alishika ubao kwa ncha moja, akauning'iniza karibu na shavu, akaugonga kwa fundo la kidole cha kati. Ubao mkavu hujibu. Husema *ting*, sauti ikakimbia hadi mwisho na kurudi. Ubao mbichi una maji tumboni; haujibu, unanung'unika tu, *dup*, kama tikiti.

Siku ile Mama Chiriku alikuwa hatua mbili kutoka kwake, chupa ya gundi mkononi.

Dup, ukasema ubao.

"Unasikia, mwanangu?" mzee akamgeukia, uso umemchangamka. "Ting! Kavu kama mfupa." Akashika wa pili, akagonga. Dup. "Ting," akasema mzee kwa mdomo wake mwenyewe.

Mama Chiriku akarudi kwenye gundi yake.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukaa kitako akalitaja jambo lenyewe. Lilikuja kidogokidogo, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Kwanza redio ilipandishwa sauti. Kisha mzee akaacha kuitika akiitwa kwa nyuma, nao wakajifunza kuzunguka na kusimama mbele yake. Mteja akimsemesha naye asijibu, Mama Chiriku alidakia: "Mwache kidogo, anafikiri." Baba Chiriku akanunua taa ya kuwaka mlangoni, akasema ni kwa ajili ya urembo wa duka, kumbe mteja akiingia inamulika ukuta wa mzee. Funika kombe, mwanaharamu apite. Hata Chiriku, ambaye jina lake hakupewa bure, siku moja mezani alianza, "Mama, kwa nini babu—" na mama yake akamziba mdomo kwa tonge.

Haikuwa dharau. Ilikuwa mapenzi, na mapenzi yakizidi huwa kama blanketi juu ya uso. Mzee huyu ndiye aliyemtia msumeno mkononi wakati watu wote walicheka kwamba mwanamke wa fremu hajapata kuonekana. "Mbao haijui nani amevaa gauni," aliwajibu. Sasa mkwe wa namna hiyo anaanzia wapi kumwambia, Baba, ubao umesema vingine?

Basi akanyamaza. Mvua ilikuwa inanyesha, hewa imejaa maji, mbao zikatulia kwenye gundi, kona zikakaza kama zilivyozoea kukaza. Kisha mvua ikakatika ghafla. Siku nne hizi jua lilikuwa la kukaanga, na mbao zikaanza kukauka zikiwa tayari zimekwisha kuwa fremu.

*

Kulipokucha alimkuta mumewe sebuleni anafuta lenzi kwa kitambaa.

"Imefunguka," akamwambia.

"Nini?"

"Kona."

"Kona ya baba yangu?" Baba Chiriku akacheka. "Labda ni dunia ndiyo iliyofunguka."

"Tia ukucha wako hapa."

Akatia. Kicheko kikamwishia mdomoni, ila bado akajaribu kukiokoa. "Joto tu hili. Mbao zinahema."

"Mbao kavu hazihemi hivi. Zilikuwa mbichi. Mimi nilizisikia zikigongwa."

"Ulisikia, ukanyamaza?"

"Ulitaka niseme nini, Baba Chiriku? Mbele yake?"

Mumewe akaiweka lenzi mezani polepole. "Leo wageni wanakuja pale shuleni. Mwalimu Mkuu ameitangaza shughuli yenyewe kama harusi. Halafu twende tukaseme fremu za Fundi Kona zinaachia? Mzee akisikia—"

Akakatiza. Neno lile likabaki mezani kati yao kama kikombe kilichopasuka, ambacho kila mtu anaogopa kuwa wa mwisho kukigusa.

"Sikia," akasema tena, kwa sauti ya chini kabisa, ingawa ya nini? "Mimi ndiye ninayempeleka mtoto. Nitamwambia Mwalimu Mkuu azishushe, tunataka kupitisha vanishi ya mwisho. Atazishusha. Kesho tunazikaza kimyakimya, mambo yamekwisha."

"Utamwambia kweli?"

"Kwani mimi si baba yake?"

Chiriku akatoka chumbani amevaa viatu kinyume, wa kulia kushoto, mdomo umeshaanza kazi. "Mama, mbona picha yangu iko chini? Imeanguka? Mama, leo tunalala chini ya picha zetu! Mwalimu alisema. Mimi niko dirishani. Mama, nikilala nikiangalia juu nitajiona nikiniangalia!"

"Lala kifudifudi," mama yake akasema, na mwenyewe akaishangaa sauti yake.

"Kwa nini?"

"Basi tu, mama. Njoo nikubadilishe viatu."

Alimfunga kamba za viatu mafundo mawili mawili. Pikipiki ikaondoka, na sauti ya mtoto ikasikika hadi kwenye kona ya mtaa, inasimulia.

*

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ileile. Mama Chiriku akaitundika picha ya kijani kwenye msumari, akatandika chini yake gunia la unga wa mbao. Alitaka kuiona. Kama hii ni ndugu ya zile kumi na mbili, basi itakachofanya hii, na zile zitafanya.

Saa tatu ulikuwa ufa wa ukucha. Saa nne akaingiza sarafu, ikaingia bila kusukumwa. Akampigia mumewe, simu imezimwa. Alikuwa kwenye ukumbi anapiga picha za mahafali, na kwenye mahafali huzima simu. Si alisema atamwambia Mwalimu Mkuu? Amekwisha mwambia. Zimeshashushwa, zimeegemezwa ukutani, uso kwa uso. Akajaribu kukata kadibodi. Akakosea kipimo. Akakata nyingine, akakosea palepale.

Mbele ya duka Fundi Kona alikuwa akipiga randa, anaimba mwenyewe, juu kupita kiasi kama kawaida yake ya siku hizi. Wapita njia walitabasamu. Fundi ana raha leo.

Tik.

Saa tano na nusu kona ya pili, ya chini kulia, ikaanza na yenyewe.

Saa sita simu ikaita.

"Ulimwambia ni za vanishi, alikubali?" akauliza hata kabla ya salamu.

Upande wa pili kelele za watu, vigelegele. "Mama Chiriku, sikiliza..."

"Alikubali?"

"Nilifika pale. Nikafungua mdomo. Akanishika mkono, akaniingiza kwa walimu wote, akasema, 'Huyu ndiye mtoto wa yule mzee mwenye mikono ya dhahabu.' Wakanipigia makofi. Nikasema... nikasema asante."

"Ukaondoka."

"Nilitaka nirudi mchana. Huku hawaniachii. Si mpaka wageni waje saa tisa? Nitawahi."

"Watoto wanalala saa saba," akasema Mama Chiriku. "Hawalali saa tisa."

Hakusubiri jibu. Nyuma yake milio ilikuwa imekuja miwili kwa mpigo, tik-tik, na alipogeuka aliona kipande cha chini cha fremu kikiinama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye benchi. Kioo kikaanza kuteremka. Aliruka, akakidaka kwa viganja viwili kikiwa kimechomoza upana wa vidole vitatu. Ukingo wake ukamchana chini ya dole gumba. Damu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, na yeye amekishikilia tu, akimtazama mtoto wa kijani anayecheka.

Fundi Kona akaingia akijipangusa mikono. "Nani ameichomoa hii?"

Mama Chiriku akakilaza kioo kwenye gunia. Akamzunguka mzee, akasimama mbele yake, mdomo kwenye mwanga, kama walivyozoea. "Imejifungua yenyewe, baba."

"Kona yangu itajifunguaje, ilikuwa mja mzito?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. "Mbao, baba. Zilikuwa na maji."

Mzee aliitazama midomo yake hadi iliposimama. Kuna kitu kikapita machoni mwake, haraka, kama mtu aliyechungulia mlangoni na kuufunga asionekane. "Mbao zile nilizigonga kwa mkono wangu."

"Naenda kuzishusha. Watoto wanalala chini yake. Chiriku yuko chini yake."

"Kuzishusha!" Sauti yake ikajaza chumba. "Fremu zangu zianuliwe kama nguo mvua imekuja? Twende wote. Nitazigonga mbele ya huyo mwalimu, asikie mwenyewe."

*

Jua lilikuwa utosini. Mabati ya nyumba yalikuwa yakitanuka kwa joto, na kila paa walilopita lilitoa mlio wake mdogo, tik hapa, tik pale, hata Mama Chiriku akaona kama mtaa mzima umetengenezwa kwa mbao mbichi. Mzee alitembea kando yake ametulia, mikono nyuma. Gari likapiga honi mgongoni mwao. Hakusogea. Mama Chiriku akamvuta kiwiko, akamwonyesha kitasa dirishani mwa duka, "Baba, tazama kile," na gari likapita likigusa shati lake. Mzee akakitazama kitasa. "Ghali," akasema.

Alitaka kukimbia. Lakini angekimbia vipi na kumwacha mtu huyu barabarani peke yake? Akatembea haraka kadiri alivyoweza, kitambaa kimefungwa kwenye kiganja, akihesabu: wanakula saa sita na nusu, wananawa, wanavua viatu. Mafundo mawili mawili. Labda mafundo yatamchelewesha.

Walipofika shuleni uwanja ulikuwa kimya. Bembea zimesimama. Kibarazani, viatu vidogo jozi kumi na mbili vimepangwa mstari.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni mwa chumba cha kulala, mama mnene mwenye gauni lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, kidole kishawekwa mdomoni. "Shhh! Ndiyo kwanza wamelala." Kisha akamwona mzee, akang'aa. "Fundi wetu! Karibu uone kazi yako inavyopendeza."

Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa, na kulikuwa na lile giza la mchana, la kahawia, lenye jasho la watoto. Magodoro sita upande huu, sita upande ule, vichwa ukutani. Na juu yao nyuso kumi na mbili kubwa zinacheka. Waliolala walikuwa wadogo mno chini ya vicheko vyao. Dirishani, mwisho kabisa wa ukuta wa mbali, pazia halikufika pembeni, na ukanda wa jua ulikuwa umelala moja kwa moja juu ya fremu ya Chiriku.

"Mwalimu, tuwaondoe watoto," Mama Chiriku akanong'ona. "Sasa hivi. Fremu zinaachia."

"Zinaachia nini?"

"Kona. Kioo kitashuka. Kimeshuka cha nyumbani, tazama mkono wangu."

Mwalimu Mkuu akautazama mkono, akaitazama ile mistari ya fremu iliyonyooka kama askari. "Mama Chiriku, wageni wangu—"

"ZIMEFANYA NINI FREMU ZANGU?" akauliza mzee, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. Watoto wawili wakajigeuza. "Mwalimu, usimsikilize. Mkwe wangu ana roho nyepesi. Ngoja nikuonyeshe." Akapita kati ya magodoro hadi ukuta wa karibu, akaupa mgongo ule wa mbali, akakunja kidole.

"Fundi mwenyewe anasema nzima," Mwalimu Mkuu akasema kwa upole wenye msumari ndani. "Sasa nimwamini nani, fundi au mkwe wake?"

Mama Chiriku aliinama, akashika ncha za godoro la kwanza la ukuta wa mbali, akalivuta katikati ya chumba na mtoto wake juu. La pili. Magodoro yalikuwa mepesi. Watoto ndio walikuwa wazito, wazito kwa usingizi.

"Mama Chiriku!"

"Zilikuwa mbichi, mwalimu," alisema bila kusimama. La tatu. "Siku zilipogongwa mimi nilikuwepo. Zilisema dup. Nilizisikia kwa masikio yangu haya, nikanyamaza. Kosa ni langu. Nisaidie kuvuta."

"Wewe ulisikia." Mwalimu Mkuu alikuwa bado amesimama. "Na yeye? Yeye fundi hakusikia?"

Neno lilimfika Mama Chiriku kooni. Likakaa hapo, na mizizi yake yote: redio, taa ya mlangoni, tonge la chakula, mkono wa mzee ulioushika mkono wake mara ya kwanza juu ya msumeno. Akavuta la nne.

Tik.

Safari hii Mwalimu Mkuu naye alisikia. Uso wake uliinuka kwenda dirishani. Hakuuliza tena. Alijitupa magotini na gauni lake lile, akalishika la tano, akalivuta kwa nguvu hadi mtoto akaguna usingizini.

"Chiriku," mama yake akaita, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima. "Chiriku, mama, usiinuke."

Chiriku alikuwa amelala kifudifudi, kama alivyoambiwa. Tik, ikasema fremu juu yake, na kipande cha chini kikaanza kuinama. Mama Chiriku alipiga magoti, akakamata godoro kwa mkono mzima na mkono mbovu, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Godoro likaja. Likaja na mtoto, likavipita viatu vya mwalimu, likagonga la jirani.

"Baba!" akaita. "Baba, toka ukutani! Baba!"

Mzee alikuwa ameegemeza shavu kwenye fremu ya ukuta wa karibu, macho ameyafumba, anagonga kwa fundo la kidole.

Kioo kilishuka. Kilishuka wima, bila haraka, kama alivyojua kitashuka, kikasimama kwa nukta moja kwenye sakafu pale kilipokuwa kichwa cha Chiriku, kisha kikapasuka chote. Mshindo ulijaa chumba hadi mabati yakaitika. Vipande vikateleza sakafuni hadi miguuni mwa watu. Watoto kumi na wawili wakaamka kwa pamoja, na kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyelia. Picha ya Chiriku ikaning'inia nje ya fremu yake, inacheka.

Na katika kimya hicho kilisikika kitu kimoja tu, kidole kikigonga ubao. Dup. Dup. Mzee hakuwa amegeuka. Hakushtuka hata bega. Aliwapa mgongo wake mwembamba, wenye unga wa mbao kwenye kola, akagonga tena na kutabasamu ukutani.

"Ting," akasema. "Mmesikia wenyewe? Kavu kama mfupa."

Mwalimu Mkuu alimtazama mzee. Kisha akamtazama Mama Chiriku, polepole, na swali lake lilelile machoni. Mama Chiriku alimkumbatia mwanawe kifuani, damu ya kiganja ikiloanisha sare ya shule. Alitaka kuupeleka mkono mdomoni mwa mtoto, kama siku ile ya tonge. Mkono haukwenda.

Chiriku akamtazama babu yake juu ya bega la mama.

"Babu hasikii," akasema.